Wahunzi wa Mamba na mapango ya Marangu: nenda kote kuwili
Nafundisha historia hapa Moshi. Ukipata mgeni, pandeni Hiace hadi Marangu Mtoni, kisha bodaboda hadi kwa wahunzi wa Mamba, na siku hiyohiyo mwingie mapango ya Wachaga.

Kwa mhunzi, kijana anavuta viriba viwili vya ngozi kwa zamu, kulia, kushoto, na moto haupoi hata kidogo. Mzee anafua. Siku hizi chuma ni springi za magari makuukuu. Zamani kilitoka Upare kikiwa kimeshayeyushwa, kikafuliwa huku kuwa mikuki. Nilinunua mundu, unakata majani ya ng'ombe vizuri sana, na bei niliyotajiwa ndiyo aliyotajiwa mzungu aliyekuwa pembeni yangu. Hilo nimelipenda mno.

Pangoni unapita kwa kutambaa. Wazee walichimba chini ya makazi yao, udongo wakaumwaga mtoni ili adui asione kifusi kipya. Mlangoni alikaa mlinzi na rungu, akimngoja atakayetanguliza kichwa.

Hapo ndipo huwa nawasimulia wanafunzi habari za Uingereza mwaka 1940, Wajerumani walipokuwa ng'ambo tu ya bahari. Kanali Colin Gubbins aliunda Auxiliary Units, vikundi vidogo vya wakulima, walinzi wa mapori na mafundi wa vijijini, watu wanaojua kila kichaka cha kwao. Walijificha kwenye mahandaki msituni, wakafundishwa kulipua reli na maghala usiku iwapo adui angeshuka. Kule nako udongo uliochimbwa ilibidi ufichwe. Hata wake zao hawakuambiwa. Vikundi vilivunjwa mwaka 1944, na wapo waliokufa bila kutamka neno. Mchana mtu anakarabati plau, usiku ni askari! Wanafunzi wangu wakishamwona mzee wa Mamba akifua, jambo hilo linawaingia bila mimi kulieleza mara mbili.

Mwongozaji tuliyempata alituharakisha kwa mhunzi ili tuwahi maporomoko ya maji. Mkatalieni. Mwamkieni mzee shikamoo, mkae, mumwulize habari za mikuki. Anajibu kwa raha na anawashikisha nyundo watoto.

Nyota tano kwa mhunzi, tano kwa pango, tatu kwa mwongozaji. Beba tochi yako mwenyewe, na masika vaa viatu vyenye meno, maana njia inateleza.