Mpira wa Jointi za Bomba: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Kwa bomba la maji safi lenye presha, nunua mpira wa EPDM, aina ya mpira mweusi wa kutengenezwa kiwandani. Hilo ndilo jibu kwa nyumba nyingi za Kampala, Mbale au Arua. Maelezo yanayofuata yatamfaa zaidi mwenye bomba la maji moto, dizeli au mashine, na yeyote anayetaka mpira alionunua udumu ardhini miaka mingi bila kufukuliwa.

Kwanza ijue presha yako. Kila mita 10 za kimo, zikipimwa wima kutoka tanki hadi koki, huongeza takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Kampala ni mji wa vilima: maji husukumwa kutoka Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, hadi matangi ya juu kama yale ya Muyenga, halafu yanashuka kwa watu. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tanki inaweza kupata karibu bar 6 usiku, koki zote zikiwa zimefungwa. Mchana, majirani wakichota, presha hushuka, na jointi iliyokuwa kavu jioni unaikuta imelowa alfajiri. Wenye maji ya mserereko kule Kasese na Bundibugyo wanalijua hili vizuri. Basi mpira uchaguliwe kwa presha ya usiku.

Namba moja: EPDM. Unastahimili jua, hewa, klorini ya maji ya bomba na joto la hadi takriban nyuzi 120. Adui yake ni mafuta ya petroli. Ukipakwa oili ya injini au grisi ya gari unavimba, unalegea, na jointi inaachia. Kwa maji ya kunywa tafuta wenye maandishi EN 681-1 kwenye mpira wenyewe au kwenye pakiti, maana hicho ndicho kiwango cha mipira ya jointi za mabomba ya maji.

Namba mbili: NBR, ambao mafundi wengi huuita naitro. Huu ndio mpira wa pampu, jenereta, mabomba ya dizeli na mahali popote penye mafuta. Kwa maji baridi unafaa pia, na oringi (pete za mpira) za fitingi nyingi za kukaza kwa mkono, zile za mabomba ya plastiki ya HDPE, ni za aina hii. Ninauweka wa pili kwa sababu jua na hewa huupasua. Ukiwa umefukiwa hauna shida. Ukiwa juu ya paa, utapata nyufa.

Namba tatu: mpira wa asili na SBR, ndugu yake wa kiwandani. Unavutika vizuri na unakaa vyema kwenye bomba la PVC lililofukiwa. Usiuweke kwenye maji moto wala karibu na mafuta.

Namba nne: silikoni. Wauzaji wengi huusifia kwa kuwa unavumilia joto la nyuzi 200, na ni kweli. Lakini huchanika upesi, kwa hiyo haufai kwenye jointi ambayo bomba linasukumwa kupita juu yake. Mahali pake ni kwenye hita za jua zisizo na presha, pale mirija ya kioo inapoingia kwenye tanki.

Viton ni mpira mzuri wa kemikali na mafuta ya moto, ila kwa maji ya nyumbani unalipa bei kubwa bure. Na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari usiununue kabisa. Unene wake haulingani, kwenye flenji (sahani mbili za bomba zinazobanwa kwa bolti) hubanwa ukatokeza pembeni, na haukutengenezwa kugusa maji ya kunywa.

Shida kubwa ni dukani, kwa sababu EPDM na NBR zote ni nyeusi na huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ingia kwenye maduka ya Nabugabo Road useme, "Ssebo, nipe oringi ya inchi moja," utapewa kilicho karibu na mkono. Inchi moja ni jina la bomba. Muuzaji anahitaji kipenyo cha ndani cha oringi na unene wake kwa milimita. Peleka ile ya zamani, ila usiitegemee peke yake, kwani huenda imeshabapa. Pima pia mfereji inamokaa. Mpira wa unene wa milimita 5 ubanwe kwa karibu milimita 1; ukibanwa chini ya hapo sana unavuja, ukizidishiwa sana unakufa mapema.

Ukinunua nyingi, toa moja uitumbukize kwenye chupa ya dizeli usiku kucha. Asubuhi iweke kando ya mwenzake: EPDM itakuwa imevimba waziwazi, naitro itakuwa karibu vilevile. Kisha kunja moja mpaka pande zigusane, uangalie mgongo wa mkunjo kwenye mwanga. Nyufa ndogo kama nywele zina maana mpira umezeeka. Ile inayoning'inia kwenye msumari mbele ya duka, ikipigwa jua tangu msimu uliopita, iache hapohapo. Kwa uhifadhi mzuri, gizani na pasipo joto, viwango vya kimataifa huupa mpira wa asili miaka 5, naitro 7, EPDM 10.

Sasa kufunga, ambako mipira mizuri mingi huharibiwa. Mwisho wa bomba la PVC uchongwe mshazari, maana ukingo mkali hukata mpira kama wembe. Futa mchanga wote ndani ya mfereji. Chembe moja inatosha kuleta uvujaji. Lainisha kwa sabuni ya maji au grisi ya silikoni. Vaselini na oili, hapana. Mafuta ya kupikia pia hapana, yataoza ndani ya maji ya watu. Weka alama ya kina kwenye bomba, sukuma hadi mwisho, kisha rudisha kama milimita 10. Bomba la mita 6 likipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 8, na lazima lipate pa kwenda.

Kwenye flenji, kaza bolti kwa kuvuka upande wa pili, kidogo kidogo. Kwenye theredi, yaani nyuzi zilizochongwa mwisho wa bomba la chuma, usitafute oringi. Hapo ni tepu au katani.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: mpira huzuia maji, haushiki bomba. Kwenye mwisho wa bomba la milimita 110, bar 6 husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 580, na kwenye kona ya nyuzi 90 karibu kilo 820. Mwaga zege nyuma ya kona, lishike udongo mgumu, la sivyo jointi itachomoka hata kwa EPDM bora kuliko zote.

Kabla ya kufukia, jaza maji polepole, toa hewa yote, kisha pandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi. Pitia kila jointi kwa mkono mkavu. Ukiridhika, fukia, na mipira ya akiba uifunge kwenye mfuko mweusi, uihifadhi mbali na jua na jenereta.