Wamemzika yomani miezi tisa kabla hajaandika wosia

Nianze na nyota za hawa watafiti wa kumbukumbu za kale niliowalipa: moja. Huenda nikifika chini nitakuwa nimebadili mawazo, lakini kwa sasa moja inawatosha.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kwa anayeijua. Yomani mmoja wa Leicestershire, yaani mkulima aliyejitegemea kwenye ardhi yake, chini ya mabwana wenye nembo za ukoo na juu ya mkulima wa kawaida. Nililipia saa nne: watafute wosia wake, orodha ya mali yake na maziko yake kwenye rejista ya parokia, wapige picha, wasome, waandike ripoti. Niliwapa jina na kijiji. Hata mahakama niliwatajia, maana kabla ya Januari 1858 wosia za Uingereza zilithibitishwa na mahakama za kanisa, na hapo ndipo wengi hupotelea. Mwenye mali ndani ya dayosisi moja alipelekwa kwa shemasi mkuu, yaani msaidizi wa askofu, au kwa askofu mwenyewe. Mwenye mali ya pauni 5 na zaidi katika dayosisi mbili alipanda hadi mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, au York kwa watu wa kaskazini. Ukikosea mahakama, saa zako zinaishia kwenye faharasa isiyo na mtu wako. Mimi niliwaambia: shemasi mkuu wa Leicester, nendeni moja kwa moja.

Walikwenda, na wosia wakaupata. Ripoti ikaja, na ukurasa wa pili, kwa wino mzito, wameandika kwamba wosia huu si wa mtu wangu. Sababu? Wosia umeandikwa Novemba 1623, na mtu wangu amezikwa Februari 1623. Maiti haandiki wosia, kwa hiyo walikuwa wawili wenye jina moja, na wananishauri ninunue saa sita nyingine wamtafute huyo wa pili.

Jamani! Mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Januari, Februari na siku 24 za Machi zilikuwa mkia wa mwaka unaokwisha. Februari 1623 ya kasisi aliyeandika rejista ilikuja baada ya Novemba 1623. Kwa hesabu yetu ya leo ni Februari 1624. Sisi tunaosema saa mbili huku saa ya mkononi ikionyesha nane tunaelewa jambo hili bila kusomeshwa, halafu mtaalamu anayelipwa kwa saa halioni?

Na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yao. Kwenye picha waliyoipiga wenyewe, maziko yanashuka ukurasani Novemba, Desemba, Januari, Februari, yote chini ya kichwa kimoja cha 1623. Kisha kasisi amechora mstari, akaandika 1624, na maziko ya kwanza chini yake ni ya siku za mwisho za Machi. Hata asiyejua kusoma mwandiko wa makarani wa zama zile anauona ule mstari.

Nikawaandikia kwa adabu. Jibu likaja mistari miwili, bila salamu: tarehe zimenakiliwa kama zilivyo kwenye rejista, na wateja wasio na ujuzi wa kumbukumbu za kale wanashauriwa wasijifasirie wenyewe. Hapo ndipo niliwaka. Kunakili kama ilivyo ni sahihi, ndiyo kanuni yenyewe. Lakini ukishanakili unaandika 1623/4, yaani 1623 kwao, 1624 kwetu. Ule mkwaju mmoja ndio niliokuwa naulipia!

Tena kuna kipimo rahisi wangeweza kukitumia. Panga tarehe tatu: wosia kuandikwa, mtu kuzikwa, wosia kuthibitishwa. Wengi waliandika wakiwa kitandani, na wosia wenyewe unasema mgonjwa wa mwili lakini mwenye akili timamu, kwa hiyo maziko hayakai mbali. Hapa kuna Novemba, Februari, kisha uthibitisho wa Aprili 1624. Maziko yameketi katikati, mahali pake hasa.

Hasira ikanifanya niisome ripoti nzima upya, neno kwa neno. Nilitamani nisingefanya hivyo. Orodha ya mali wameijumlisha pauni 28, wakaongeza maoni kwamba kwa utajiri huo mdogo huenda hata hakuwa yomani wa kweli. Nikaivuta picha. Karani ameandika kwa namba za Kirumi: iiij, juu yake xx ndogo, kisha iiij nyingine. Ile xx ya juu haijumlishwi, inazidishwa: nne mara ishirini ni themanini, ongeza nne. Pauni 84. (Na j ya mwisho ni i tu, huwekewa mkia ili mtu asiongeze kijiti kimoja baadaye.) Majirani waliothamini ng'ombe, kondoo, vitanda na vyombo vya kutengenezea jibini walifanya kazi yao vizuri, wakaja watu wa ripoti wakamfilisi marehemu.

Halafu mkwe. Wosia unampa kondoo wawili mtu anayeitwa kwa neno ambalo leo ni mkwe. Saa nzima kati ya saa zangu nne imekwenda kutafuta ndoa ya binti, wakaandika kwamba ndoa haikuonekana. Haiwezi kuonekana! Karne ile neno hilo mara nyingi lilikuwa mtoto wa kambo, yaani mke alikuja na mtoto wake. Cha kutafutwa ni ndoa ya kwanza ya mke. Vilevile neno la binamu lilibeba hata mpwa. Na mwana mkubwa aliyeachiwa shilingi moja si lazima alilaaniwa. Mara nyingi alikuwa amekwisha kukabidhiwa ardhi baba akiwa hai. Wao wameandika "alitengwa na familia", hivyo hivyo, bila hata "huenda".

Sasa niwe mkweli, ingawa inaniuma. Picha zao ni safi kuliko zote nilizowahi kuletewa. Ukurasa mzima na kingo zake, rula pembeni, namba ya karatasi inasomeka, mwanga haukuunguza wino uliofifia. Wamepiga hata mgongo wa wosia, ambao wengi huuruka, na huko ndiko kuna maneno ya Kilatini ya mahakama yanayomtaja mjane kuwa wasii aliyeapishwa. Wamenipa wosia wa asili wenye alama ya mkono wake, si nakala ya karani kwenye kitabu cha mahakama. Kwa hilo nilitaka kupandisha nyota ziwe tatu. Nikakumbuka ile barua ya mistari miwili. Ziwe mbili.

Ukiwatumia, agiza picha tu. Waandikie waziwazi kwamba hutaki ripoti, taja mahakama, omba wosia wa asili mbele na nyuma pamoja na orodha ya mali, na kwenye rejista omba ukurasa mmoja kabla na mmoja baada ya ule unaoutaka, ili uone mwaka ulipogeuka. Kusoma soma mwenyewe, ukiwa na jedwali la herufi za karne hiyo mezani. Ile h inayoshuka chini ya mstari na ile e iliyogeuka nyuma zitakusumbua siku mbili, kisha basi.

Rejista ya parokia ile imeliwa na unyevu kwenye ubatizo wa mwanzoni mwa karne ya 17, kwa hiyo zimebaki nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka kufuatana na agizo la 1598. Wiki iliyopita nimeagiza picha za miaka kumi na miwili. Ndiyo, kwa hao hao.