Kliniki ya sukari Kisumu: mizani yao na futi yangu

Mimi ni fundi cherehani soko la Kibuye, kwa hiyo sihitaji mizani kuniambia nimenenepa. Nilipoanza sindano za insulini mwezi wa pili, kiuno kilikuwa inchi 36. Mwezi wa saba futi ikasoma 40. Gauni langu la kitenge la kanisani nilikuwa nimelifumua ubavuni mara mbili, kitambaa cha akiba kimeisha.

Kliniki niliyoanzia siitaji. Nikilalamika naambiwa "punguza ugali, mama", dozi inaongezwa, anaitwa mwingine. Jirani yangu muuza omena ndiye aliyenielekeza hii ya sasa, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka sokoni. Wagonjwa wa sukari huonwa Alhamisi.

Kungoja, mtangoja. Nilifika saa moja asubuhi, nikaonwa saa tano kasoro. Mabenchi ni mbao tupu, na watu wa sukari hawafai kukalishwa hivyo bila mtu hata kuuliza nani amekula na nani hajala. Hapo nawakata alama.

Lakini yule sista! Kabla hajafungua kadi yangu akasema, "Mama, hebu nione unapojidunga." Nikainua blauzi. Akapapasa tumbo kwa vidole viwili, akanishikisha vinundu kushoto mwa kitovu. Miezi yote nilikuwa nadunga palepale kwa sababu palishakufa ganzi, hapaumi. Kumbe dawa ikiingia kwenye kinundu mwili hauinyonyi sawasawa: leo inachelewa, kesho inakuja kwa kishindo. Ndiyo maana mchana sukari inapanda naongezewa dozi, halafu saa nane usiku imeshuka mno, naamka natetemeka, kanga imelowa jasho, nakimbilia soda chupa nzima na vipande vinne vya mkate. Mkate wa saa nane usiku nani huuhesabu?

Nikamwuliza kuhusu kiuno. "Kabla ya sindano ulikuwa unakojoa chakula chako," akasema. Sukari ikipita kama 10 kwenye mashine ya kupimia, figo hazimudu kuirudisha yote kwenye damu, nyingine inatoka na mkojo. Ule wembamba wangu wa mwaka jana, ambao wateja waliusifu hata wakaniuliza siri, ulikuwa ugonjwa. Insulini ni homoni ya kuweka akiba. Inafungulia sukari mlango wa misuli, na mafuta inayaambia yakae yalipo, yasiyeyuke. Sisi wa kisukari cha aina ya pili mwili umeshakuwa sugu kwake, ndiyo maana wengi wetu huhitaji dozi kubwa. Sasa ukiendelea kula vilevile, na hakuna tena kinachomwagika chooni, kitaenda wapi? Akanitajia utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1998: katika miaka 10, waliopewa insulini waliongeza kama kilo 4 kuliko wale walioanza kwa kubadilisha chakula tu. Nilicheka kwa sauti. Nilidhani ni ulafi wangu peke yangu.

Daktari akapunguza dozi siku hiyohiyo, maana nikihamia ngozi nzima dawa itanyonywa vizuri, sukari ingeweza kushuka mno nikaanguka. Vidonge vyangu vya kushusha sukari, metformini, vikabaki. Hivyo haviongezi uzito. Na sukari ikishuka chini ya 4, ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ningoje dakika 15, nipime tena. Soda nzima na mkate, kwaheri.

Karatasi yao ya lishe inachekesha. Brokoli na samaki wa salmoni, hapa Kisumu! Nikauliza samaki wetu ngege na mboga yetu osuga viko wapi, dada wa lishe akaona haya, akaviandika pembeni kwa kalamu. Ugali akaniambia usizidi ngumi yangu. Vijiti vya kupimia sukari unajinunulia, na hivyo ndivyo vinavyomaliza pesa kuliko kitu kingine.

Miezi mitatu sasa. Futi inasoma 38 na nusu, na usiku nalala hadi jogoo. Nawapa saba kwa kumi. Mkienda, bebeni leso ya kukalia na kitu kitamu mfukoni, na mwombe sista wa chumba cha pili. Wa chumba cha kwanza ana haraka.