Ofisi ya ushauri wa bure: nyota nne

Niko Uingereza, goti na nyonga vimeisha. Mkaguzi wa PIP, ile hela ya serikali kwa wenye ulemavu na maradhi ya muda mrefu, alinipa pointi 10 za kutembea, wakati kiwango cha juu ni 12, hela ikapungua. Dada wa ofisi hii hakupoteza muda kwa pole. Aliuliza: "Mama, mita 20 unazitembea? Na ukishafika, unaweza kuzirudia?" Hapo ndipo kesi ilipokuwa! Tuliomba uamuzi uangaliwe upya kabla mwezi haujaisha, watu wa PIP wakakataa. Tukakata rufaa barazani, bure vilevile. Kungoja ni miezi na miezi, lakini hilo si kosa la ofisi hii. Nyota moja naikata kwa simu yao, inaita mpaka unachoka. Nendeni asubuhi, na barua zote za hospitali.