Kamba, Benchi na Kikechua: Tathmini ya Huduma ya Uzazi ya San José de Secce

Huduma ya uzazi ya kituo cha afya cha San José de Secce, katika wilaya ya Santillana mkoani Ayacucho, nchini Peru, ni miongoni mwa huduma chache zilizosukwa upya na watu walewale waliokuwa wakizikwepa. Mwaka 1999, ni asilimia 6 tu ya akina mama wa eneo hilo waliojifungulia kituoni. Kufikia 2007 walikuwa asilimia 83. Ninaipima hapa kwa kutumia matokeo ya utafiti wake yaliyochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na ninakiri mapema kwamba naiona kazi nzuri, ingawa si kila sifa inayomiminiwa ninaikubali.

Kilichonivutia kwanza ni swali waliloanza nalo. Ni kawaida ya tafiti za uzazi katika jamii za wazawa asilia kuuliza kwa nini wanawake hawaendi hospitali, na jibu huishia kwenye umbali au kile kinachoitwa mila potofu. Hapa wanajamii wa Kikechua, wazawa asilia wa milima ya Andes wenye lugha yao ya jina hilohilo, na wahudumu wa afya walikaa pamoja kutafuta ni nini ndani ya chumba cha kujifungulia kinachowafukuza akina mama, kisha wakakirekebisha chumba chenyewe.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Kuna kamba iliyofungwa imara juu, na chini yake benchi. Mama huchuchumaa au kupiga magoti akiishika kamba kwa mikono miwili, akiuning'iniza uzito wake kila uchungu unapopanda, huku mume au ndugu akimwegemeza kutoka nyuma, na mkunga wa jadi anaruhusiwa kuwamo badala ya kuachwa mlangoni. Maelekezo yanatolewa kwa Kikechua. Anayelazimika kuinama ni mhudumu, na sioni ubaya wowote katika hilo: kitanda kirefu cha kulalia chali kiliwekwa kwa ajili ya mgongo wa daktari zaidi kuliko nyonga za mama.

Kitaalamu pia mkao huo una hoja. Mapitio ya tafiti kuhusu kujifungua kwa mkao wa wima yanaonyesha kwamba hupunguza haja ya kuongezewa njia, yaani kukatwa kidogo ili mtoto apite, na ya kumvuta mtoto kwa vifaa, ila huenda ukaongeza idadi ya akina mama wanaopoteza damu zaidi ya mililita 500. Ndiyo maana kamba bila mhudumu aliyefunzwa kuzuia kutoka damu haitoshi. Mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Peru ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kujifungua kwa mkao wa wima.

Sasa kasoro. Utafiti unalinganisha kabla na baada mahali palepale, bila eneo jingine la kulinganishia, na katika miaka hiyohiyo Peru ilianzisha bima ya afya ya serikali kwa maskini. Isitoshe, mwaka wa kuanzia, 1999, uliangukia ndani ya kampeni ya serikali ya kufunga uzazi ya 1996 hadi 2000, ambamo wanawake wengi wa Kikechua walifungwa bila ridhaa ya kweli. Mama aliyekwepa kituo wakati huo huenda alikuwa anaukimbia mkasi, wala si kitanda. Kwa hiyo siwezi kusema ni kiasi gani cha ile asilimia 83 kinatokana na kamba.

Huduma ya Birthing in Our Community, iliyoanzishwa Brisbane, Australia, mwaka 2013 kwa ubia wa mashirika ya afya ya wazawa na hospitali ya uzazi, iliziba pengo hilo. Matokeo yake ya mwaka 2021 yaliwalinganisha akina mama wake na waliopata huduma ya kawaida, na uwezekano wa kuzaa njiti ulikuwa chini kwa asilimia 38 hivi. Hapo mtoto mwenyewe amepimwa, ilhali Secce kipimo kikuu ni mahali alipozaliwa.

Ninaipa Secce nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ningeitoa kama takwimu zake zingemfuata kichanga hata baada ya kondo la nyuma kutoka.