Mhariri wa mambo ya nje Kampala: gazetini au kwenye mawasiliano ya sera?

Gazetini, habari ya Operesheni Shujaa, vita vya majeshi ya Uganda na Kongo dhidi ya waasi wa ADF vilivyoanza Novemba 2021 mashariki mwa Kongo, huingia jioni na ukurasa hufungwa usiku. Mhariri anauliza: nani kasema? Idadi ya waliouawa imetoka jeshini au hospitalini Bunia? Wengi huteleza hapo: dai la jeshi linawekwa kwenye kichwa cha habari bila “jeshi lasema”, kesho yake ni masahihisho.

Kwenye sera, muhtasari wa kurasa 2 hupita kwa mtafiti, mwanasheria, kisha mkurugenzi, na kila mmoja huchomeka “hata hivyo” yake. Pendekezo likae aya ya kwanza. Waziri hafiki ya tatu. Ufadhili ukiisha, mkataba wako wa kazi nao kwisha. Jina lako? Lisahau, atasaini mkubwa.