Yogyakarta: "kasri limefungwa leo", na mimi mtoto wa Kariakoo nikaingia mkenge

Jamani mimi nimekulia Kariakoo, wale wanaokuuzia simu halafu ukifika nyumbani unakuta kipande cha sabuni nawajua hata kwa mwendo. Sasa imekuwaje mimi huyu huyu nikaingizwa mjini Yogyakarta, kule Indonesia, mchana kweupe, na mzee wa watu mwenye shati la batiki na miwani?

Ilikuwa hivi. Nimetoka Malioboro kwa miguu (ule mtaa wa maduka, usiende na mtu asiyeweza kupita kibanda bila kushika kitu) nashuka kusini kwenda Kraton, kasri la Sultani. Borobudur, lile hekalu kubwa la Kibuddha, nilishaenda, sitaki kuwachosha, wanakuvalisha ndala za kusuka ili usisage mawe ya watu, unapanda, unaona masanamu ya Buddha mpaka shingo inauma, pazuri sana, basi. Lakini moyo wangu ulikuwa Kraton, maana pale sio makumbusho matupu, Sultani anaishi mle mle na ndio gavana wa mkoa mpaka leo, na asubuhi unaweza kukuta wanapiga gamelani (muziki wao wa magongo na ala za shaba) au wanacheza ngoma zao.

Nakaribia uwanja wa mbele, mzee akanisalimia, "apa kabar?" Hapo ndo niliishiwa nguvu, maana kabar ni hii hii habari yetu. Tukaanza kucheka na kulinganisha, waktu ni wakati, musim ni msimu, nikaona nimepata ndugu kabisa. Ndugu akauliza naenda wapi, nikamwambia. Akaweka mkono kifuani, uso ukamshuka kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. "Tutup." Limefungwa, leo kuna shughuli ya kifalme, njoo kesho. Ila una bahati, kuna maonyesho ya batiki ya wanafunzi wa chuo cha sanaa na leo ndo siku ya mwisho. Akapunga mkono, becak ikatokea sijui wapi, ile baiskeli ya matairi matatu abiria anakaa mbele, dereva babu mwembamba anapiga pedeli. Rupia elfu kumi tu! Hata elfu mbili ya kwetu haifiki. Kwa bei hiyo Kariakoo ningeshashtuka, pale nikasema hawa watu wana roho nzuri.

Kufika, chai tamu imeshamiminwa, kijana ananionyesha wanavyochora kwa nta na kile kikalamu cha shaba wanakiita canting, kwa kweli anajua kuelezea sikatai. Wanafunzi wenyewe sijawaona hata mmoja. Bei ikaanza milioni moja na laki nane, nikajifanya mjanja nikashusha mpaka laki tisa, nikatoka kifua mbele kabisa. Wenye akili mshajua nimepigwa kiasi gani.

Sasa kilichoniua. Nikamwambia babu anirudishe nipige hata picha ya lango kwa nje. Nafika nakuta watu wanatoka, watalii, watoto wa shule, familia nzima na tiketi mkononi. Nikamuuliza mlinzi, akasema ilikuwa wazi tangu asubuhi, ila kasri linafunga mapema, saa nane mchana hivi, na ndo wanafunga. Yaani limefungwa KWELI sasa, wakati mimi nakunywa chai ya uongo! Na kesho yake mchana nina ndege. Nilisimama pale na lile bomba walilonifungia picha ya batiki kwapani nikatukana Kiswahili chote ninachokijua, bahati nzuri hayo maneno hayafanani na ya kwao.

Babu wa becak akanionea huruma au sijui aliona aibu, akanipeleka Taman Sari, bustani ya zamani ya masultani, haipo mbali. Nilikataa kupenda, nilikuwa na hasira zangu, lakini hayo mabwawa ya kuogea, halafu unapita njia ya chini ya ardhi unatokea Sumur Gumuling, jengo la duara lililokuwa msikiti, katikati ngazi nne zinakutana halafu ya tano inapanda ghorofani, mwanga unaingia kwa juu, kimya... nikajikuta nimekaa chini. Kurudi nampa babu hela ya ziada akakataa kabisa, mikono yote miwili. Mpaka leo najiuliza alikuwa kwenye mchongo ule au hakuwemo. Kamisheni alishakula huyo, naamini. Au hakula.

Nyumbani nikampelekea shangazi, yeye batiki ndo biashara yake miaka yote. Hakuangalia picha wala nini, aligeuza nyuma kwanza kuona kama rangi imepenya, akakwaruza kwa kucha, akasema baba hii ya nta kweli, sio ya kuchapa, umepata kitu. Sasa shangazi, hasira zangu nizipeleke wapi?

Nyota nilipanga moja. Kwa Taman Sari naweka nne. Nikimkumbuka yule mzee na mkono wake kifuani narudisha mbili. Kraton yenyewe siwezi kuipa nyota, sijaingia.